Saa ya sala ya mtu anayefanya kazi usiku

Mafundisho mengi kuhusu maisha ya sala huanzia saa kumi na moja alfajiri. Amka mapema, fungua Biblia, mtafute Mungu kabla kelele za mchana hazijaanza. Ni mafundisho mema na yamewajenga wengi. Lakini hapa Mwanza, saa hiyo mvuvi wa dagaa bado yuko majini, muuguzi wa zamu ya usiku pale Bugando anajiandaa kukabidhi wodi, mlinzi wa duka Makoroboi anamsubiri mwenzake aje ampokee, na mama anayeuza samaki ameshatoka nyumbani kuwahi Mwaloni, Kirumba. Jumapili tunakaa nao benchi moja, wanasikia tena habari za alfajiri, na wengi wamekwisha kujihukumu kwamba wao ni Wakristo wa daraja la pili. Naandika kwa ajili yao, kwa sababu naamini kabisa kwamba hukumu hiyo haikutoka kwa Mungu.

Someni Luka sura ya 5. Simoni na wenzake wamekesha ziwani na wamerudi mikono mitupu. Asubuhi wanaosha nyavu, wamechoka, na hapo hapo ndipo Yesu anapoingia katika chombo cha Simoni, anaketi na kufundisha. Hakuwaambia waende kwanza wakalale ndipo waje sinagogi wakiwa safi. Na Simoni hafichi uchovu wake: “Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu; lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu.” Ziwa lile la Genesareti ni dogo, ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 166 tu, na ng'ambo unaiona kwa macho, letu, Ziwa Victoria, linakaribia 68,800. Lakini mvuvi yeyote wa Igombe au Ukerewe akisoma mstari huo anaujua uchovu huo bila kuelezwa. Mimi nauhesabu mstari huo kuwa sala kamili. Una malalamiko, una ukweli, una utii. Mtu anaweza kuusema akiwa anafunga kamba za mtumbwi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: saa yako ya sala ifuate kazi yako. Kama siku yako inaishia saa mbili asubuhi, hiyo ndiyo jioni yako. Sali hapo kabla ya kulala. Kama inaanza saa kumi na mbili jioni, sali unapotoka nyumbani. Zaburi ya 134 iliandikwa ikiwataja watu wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana, nayo ina mistari mitatu tu. Mlinzi anaweza kuishika yote kichwani kwa juma moja na kuisema kila anapozunguka geti.

Wavuvi wa dagaa wana kalenda yao tayari. Dagaa huvutwa na mwanga wa taa, hivyo huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika. Basi katika siku za giza mtu achukue mstari mmoja tu, auseme kwa sauti, aurudie hadi uzoeleke mdomoni. Mbalamwezi ikifika, nyavu zinashonwa na muda upo, asome kitabu kizima. Injili ya Marko ina sura 16 tu. Zaburi za kupanda, kuanzia ya 120 hadi ya 134, ni 15 na nyingi ni fupi sana. Ratiba ya namna hii, inayopanda na kushuka pamoja na mwezi, naipenda kuliko ile ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu hadi nne kila siku bila kukosa, na najua wengi walioanza Januari kwa moto wakaishia Mambo ya Walawi, kisha wakaona aibu hata kuifungua tena. Aibu ya namna hiyo inaua njaa ya Neno. Kidogo kinachorudiwa kinakaa.

Kuhusu vitabu vyenyewe: Biblia ya Union Version, ile ya 1952, ina Kiswahili kizuri cha kukariri, lakini kwa mtu anayeanza, au kijana asiyezoea lugha ile, Habari Njema inafunguka upesi zaidi. Kuwa na zote mbili si anasa. Na kama unaishi na bibi au babu aliyekulia Misungwi au Magu, mtafutieni Biblia ya Kisukuma, mumsomee Zaburi jioni. Anayesoma naye atafaidika. Asiyependa kusoma asikilize: Biblia ya sauti ya Kiswahili inapatikana kwenye simu bila malipo, na ukiipakua mara moja huhitaji bando tena. Kutoka Buhongwa hadi mjini kwa daladala, na foleni ile, sura kadhaa za Marko zinaisha.

Najua mji wetu unapenda mikutano mikubwa. Viwanja vya Furahisha vikijaa, kwaya zikipanda jukwaani, hata mimi moyo unawaka, na ninawashukuru wanaoiandaa. Ila mkutano unakwisha, na Jumatatu inabaki ya mtu na watu wake wa karibu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Bukoba, upande wa pili wa ziwa hili hili, ulidumu kwa sababu watu walikutana wachache wachache, wakaungama makosa yao waziwazi, wakalipa walichoiba, wakapatana na majirani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao, katika miaka ya 1970, waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Madhehebu tofauti yalifikia jambo lile lile: mtu hukua akiwa na watu wanaomjua kwa jina na watakaogonga mlango asipoonekana.

Ndiyo maana nina ombi kwa wenyeviti wa jumuiya, wazee wa kanisa na viongozi wa seli katika mitaa ya wavuvi. Angalieni saa ya kikao chenu. Kikiwa alfajiri ya Jumamosi au saa moja usiku, mmewafungia nje kina baba na vijana wote wa mitumbwi. Kihamishieni saa tisa alasiri, wakiwa wameshaamka na kabla hawajapakia taa, na kama mwalo uko karibu, kutaneni huko huko.