Mbuzi Hakuanza Yeye

Tangu juzi meseji zinaingia tu. "Mtaalamu, umeshakauka?" "Mbuzi anaendeleaje?" Najua zinakotoka. Binamu yangu, ambaye nilimlipia mimi nauli ya kwenda nyumbani, ameamua kunishukuru kwa sauti ya dakika nne kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo halijawahi kufunga mdomo. Toleo lake la kisa cha mimi na shawa ya Mama lina uongo mahali pawili: sikulia, na taulo lilikuwepo. Lilikuwepo wapi, mtaliona huko mbele. Acheni niseme mwenyewe.

Mnajua Desemba ilivyo. Mchaga asiyepanda nyumbani Desemba huulizwa kafilisika au kafanya nini. Nikapanda, Dar hadi Marangu, na boksi mapajani safari nzima: shawa ya umeme, zawadi ya Mama. Maji ya Marangu asubuhi ni kama yamechotwa Kibo dakika hiyo hiyo, na Mama kwa umri wake bado anainjika sufuria kwenye mafiga saa kumi na moja alfajiri. Nikasema mwaka huu basi.

Nyumba ni ya babu, ya miaka ya sabini. Umeme uliingia 1986, tukawa wa kwanza pale jirani kuwasha taa, na sifa hiyo tunaila mpaka leo. Nyaya nazo ni zile zile za 1986. Kijana anayemsaidia Mama ng'ombe amejenga chumba kimoja huko chini ya migomba, akaunganishiwa umeme wa vijijini, wa REA, kwa shilingi 27,000, akafungiwa kile kidude cha UMETA chenye breka zake na soketi zake. Nilipita nikakicheka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huu si umeme, ni kitoto cha umeme." Lishikeni hilo neno, litarudi.

Fundi nilimkataa. Nilishaangalia video tatu, na moja niliirudia. Shawa ilikuja na nyaya tatu: wa kahawia, wa bluu, na wa kijani wenye mstari wa njano. Ukutani zikanitokea mbili, mwekundu na mweusi. Mwenye akili angeshuka kwenye kigoda hapo hapo. Mimi nikatoka nje kumtafuta mwenzake wa kijani.

Nyuma ya bafu nikaona kipande cha chuma kimetokeza ardhini. Ethi rodi ya babu, chuma cha kushushia ardhini umeme unaovuja! Ila ilikuwa na mbuzi. Mnyororo ulizungushwa mara mbili, upande wa pili beberu mweupe anatafuna majani ya mgomba huku ananitazama.

"Mama, unajua hiki ni nini?"

"Kigingi cha mbuzi."

"Tangu lini?"

"Tangu babu yako yuko hai. Kwani umeishiwa kazi, baba?"

Nikacheka kwa ile sauti ya watu wa mjini. Nikautoa waya wa kijani kupitia tundu la dirisha, nikausokota kwenye chuma kwa koleo. Mbuzi nikamwacha. Fundi muungwana hahamishi mifugo ya watu.

Boksi limeandikwa wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata ampia 24 hivi. Hesabu hii nimeipiga jana. Siku ile niliona namba kubwa, nikafurahi, nikaiunga kwenye waya wa soketi ya pasi.

Sasa twende tarehe 26, saa nne asubuhi. Uani kuna kikao cha ukoo, ajenda ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Baba Mkubwa yupo, mashangazi wapo, wazee wawili wa jirani wapo kama mashahidi, ndoo ya mbege iko katikati. Nikapita mbele yao na taulo begani. Nikatangaza, jamani, hakuna aliyeniuliza, nikatangaza mwenyewe: "Leo Mama anaanza kuoga kama watu wa hoteli. Naonja kwanza mimi."

Nikaingia. Nikalitundika taulo kwenye msumari wa mlango, upande wa nje, lisilowe. (Si niliwaambia lilikuwepo?)

Nikafungua. Maji yakaja ya moto, moto wa haki, mvuke umejaa bafu zima. Nikaanza kuimba. Nikajipaka sabuni kichwani, usoni, masikioni, nikafumba macho. Kule nje mbuzi akatoa sauti moja ambayo sijawahi kuisikia kwa mbuzi. Haikuwa mee. Ilikuwa kama mtu aliyeulizwa deni mbele ya wakwe. Nikacheka. Nakumbuka kabisa nilicheka, na povu likaingia mdomoni.

Kikafuata kishindo, mnyororo ukaburuzika, shangazi akapiga ukelele, "Mbege!" Mimi bado natabasamu na macho nimefumba, nikajisemea, hawa wamelewa mapema. Nikaamua nipunguze maji nisikie vizuri kinachoendelea. Nikapapasa ukuta. Mkono ukapita kwenye kisahani cha sabuni, ukapita kwenye dodoki, ukafika kwenye koki. Koki ya chuma.

Ndugu zangu, umeme haupigi kama wanavyosimulia. Unakukamata. Mkono ulifumba wenyewe, wala haukuniuliza. Kitu kikapanda hadi kwenye kiwiko, kikatulia, kikapanda tena begani, meno yakagongana, na wimbo ule niliokuwa naimba ukaendelea kutoka lakini kwa herufi moja. "Aaaaaa." Kwa binamu hicho ndicho kilio. Halafu mguu ukateleza kwenye sabuni, na sabuni ile ndiyo iliyoniokoa: uzito wangu wote ulishuka, mkono ukachomoka kwenye koki, nikatua kwa makalio. Nikasikia Mama akisema taratibu, kama anazima redio, "Ngojeni kwanza." Tap! Taa zikazima. Alikuwa amevaa ndala na kuisukuma mein swichi kwa mpini wa ufagio.

Mimi sikungoja. Nilitoka mbio. Nilipitia mlango ule ule wenye taulo, nikaliacha taulo. Nilichobeba ni kile nilichokishika wakati nasimama, yaani dodoki. Uani nikafungua jicho moja. Ndoo ya mbege imelala chali. Beberu amesimama juu ya meza ya kikao na mnyororo shingoni, na kwenye mnyororo inaning'inia ethi rodi ya babu, nzima nzima, ndefu kama mwiko wa ugali. Tukatazamana. Yeye walau alikuwa na manyoya.

Baba Mkubwa akajifuta mbege kwenye kanzu ya sikukuu. Akamwuliza Mama, "Huyu ndiye tuliyemsomesha?"

Mengine yote mnayoyasikia, ya kukimbilia kwenye miti ya kahawa, ya kufunikwa na khanga ya shangazi, ni kweli, tusipoteze muda.

Kesho yake akaja fundi mwenye leseni ya EWURA, mtu mpole, ambaye nadhani alienda kucheka kwenye gari mara mbili. Rodi, akasema, inatakiwa futi nne na izame yote. Fundi wa 1986 aliikata, nusu ya pili bila shaka ikaenda nyumba nyingine. Shawa kama ile koili yake imelala wazi ndani ya maji, na umeme unaovuja unatakiwa ushukie kwenye waya wa kijani. Ulishuka kweli, ukamkuta mbuzi. Mbuzi akang'oa rodi, umeme ukatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, ikawa mimi.

Nikauliza mbona fyuzi haikukata. Akaichomoa akanionyesha: ndani imefungwa waya wa breki ya baiskeli. Halafu akaniambia hata ningekuwa na fyuzi halali isingenisaidia pale bafuni, kinachomtosha binadamu ni kidogo mno kwa fyuzi kukihisi. Ndiyo maana kuna kile kifaa kinachokata umeme miliampia 30 tu zikipotea njia. Akanipandisha darini. Waya wa soketi ya pasi ulikuwa umeyeyuka ganda hatua tatu nzima, na pale ambapo haukuyeyuka panya walishakula. Hapo sikupata la kuchekesha.

Kumbe Mama anajua siku zote. Mpini wa friji umefungwa kitambaa cha kufuma, miaka yote nikidhani ni pambo. "Linauma kidogo," akasema, "ndiyo maana sishiki bila ndala."

Nyaya zimevutwa upya, breka zipo, kifaa kipo, rodi mbili zimezamishwa mpaka kichwa. Kwa ada ya Januari ya watoto wangu. Kwa siku mbili za kazi, simu za nyumba nzima tulichajia kwenye UMETA ya yule kijana wa ng'ombe. Kila nikifika alinifungulia mlango kwa heshima: "Karibu kwenye kitoto, bosi."

Na shawa? Fundi ameifunga upya, ina waya wake mnene na breka yake, salama kabisa. Leo asubuhi nimempigia Mama nimwulize maji yakoje. Ameniambia ya kwenye mafiga yamechemka vizuri, na shawa inafaa sana, ameanikia taulo.