Tembo au mikia ya ng'ombe?

Mwandishi wa makala moja kuhusu Dodoma kasema jina la mji huo limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akazama matopeni, watu wakashangaa: "Idodomya!", yaani amezama. Sawa, lakini kaacha simulizi tamu zaidi. Inasemekana Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu. Wahehe walipofuatilia mifugo yao wakakuta mikia imesimama kwenye tope. Wagogo wakawaambia: "Poleni ndugu zetu, ng'ombe wenu wamedidimia, idodomya!" Hapo mimi hucheka kila mara, ingawa kwetu Bahi, huko huko Ugogoni, wazee hawapendi kabisa kuitwa wezi wa mifugo.

Ukiyatamka polepole, "didimia" na "idodomya" yanasikika kama ndugu.

Halafu marekebisho kidogo kwa makala hiyo: uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulikuwa wa mwaka 1973, siyo 2016. Mwaka 2016 ndipo serikali ilipotangaza kuhamia kweli. Na wageni mnaoshuka stendi, salamu ya Kigogo kwa mtu mmoja ni "mbukwa", wakiwa wengi "mbukwenyi". Msichanganye, bibi zetu watawacheka.