Moshi wa jikoni, jinsia na nyama za puani

Kama moshi ungekuwa chanzo kikuu cha nyama za puani, kliniki za pua zingejaa wanawake, maana wao ndio wanaoinamia jiko la kuni na mkaa kila siku. Takwimu za nchi nyingi zinasema vingine. Wanaume ndio wengi, katika baadhi ya tafiti karibu mara mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, kwa sababu kwetu "nyama za puani" ni zaidi ya kitu kimoja. Za mtoto wa miaka 4 anayekoroma na kulala mdomo wazi kwa kawaida ni adenoidi, yaani tezi za nyuma ya pua. Mtu mzima mwenye mzio mara nyingi amevimba vinyama vya kawaida vya ukuta wa pua: ukivigusa anaruka kwa maumivu. Polipu, ambayo ndiyo ninayoizungumzia hapa, ni tofauti. Imepauka, inang'aa kama zabibu iliyomenywa, na ukiigusa kwa kijiti chenye pamba mgonjwa hasikii kitu. Pua zimeziba zote mbili na harufu imepotea. Kitunguu kinaungua mbele yake naye hajui.

Wanaoulaumu moshi wana hoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba wenye polipu walikuwa wametumia zaidi majiko ya kuni ya kupashia nyumba joto kuliko wasio nazo. Chembe za moshi ni ndogo sana, nyingi chini ya mikromita 2.5, na hudhoofisha utando wa pua unaotakiwa kuzuia vijidudu na vumbi.

Lakini wingi wa wanaume unaonekana hata Ulaya, ambako wachache hupikia kuni na mwanamke humfikia daktari kirahisi. Kwa hiyo kusema tu kwamba wanawake wetu hawafiki hospitali hakutoshi. Polipu nyingi huzaliwa na uvimbe wa ndani unaoongozwa na kinga ya mwili, wenye seli za iosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), wa jamaa moja na ule wa pumu. Moshi huchochea tu. Ndiyo maana kuhamia gesi, jambo jema kwa mapafu ya familia nzima, hakutaifanya polipu iliyokwisha kuota inywee. Hiyo inahitaji dawa ya stiroidi (ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani kila siku kwa wiki nyingi, kichwa kikiwa kimeinama kidogo na ncha ikielekezwa upande wa jicho. Wengi huielekeza kwenye ukuta wa katikati, wanatoka damu, wanaacha dawa. Isipotosha, ni upasuaji, na hata hapo polipu hurudi mara nyingi.

Kosa kubwa la kuhesabu vichwa ni kwamba idadi haisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Wanawake wenye polipu ni wachache, ila katika tafiti ndio wanaokutwa zaidi na pumu, wanaorudiwa upasuaji, na wasiopatana na aspirini. Hili la mwisho linanisumbua kuliko yote. Mgonjwa wa namna hii akimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, ndani ya nusu saa hadi saa 3 pua inaziba, macho yanakuwa mekundu, kifua kinabana. Na ndizo dawa zinazouzwa duka la dawa kwa maumivu ya hedhi! Mwanamke mwenye polipu na pumu aulizwe waziwazi anameza nini siku zake zikifika. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida huvumiliwa na wengi wao, ingawa kwanza azungumze na daktari.

Kwa wanaume, swali la mazingira liko kazini. Seremala akija na pua iliyoziba upande mmoja tu, inayotoa damu au kuuma, asipewe dawa ya kupuliza na kuambiwa arudi baada ya miezi 3. Unga wa mbao umeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya uhakika vya saratani, ikiwemo ya pua. Huyo apigwe picha ya CT, kisha kinyama kikatwe kidogo na kupelekwa maabara.