Niliinyanyua Sedani Yangu ya Umeme, na Ningeinyanyua Tena

Juma lililopita mtu ninayemheshimu sana katika mambo ya magari aliniambia, mbele ya watu, kwamba anayetaka kuinyanyua sedani ya umeme, yaani kuupandisha mwili wake ukae mbali zaidi na ardhi, hakupaswa kuinunua tangu mwanzo, na kwamba aliyekwisha kukosea aiuze atafute gari la juu. Sikumjibu pale pale, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika. Ninamjibu hapa, kwa sababu kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu ambao hawajawahi kulala chali chini ya gari la aina hiyo na kutazama kile kilichowekwa chini ya shubiri moja kutoka ardhini.

Mimi nimelala. Ilikuwa baada ya kuvuka tuta nikiwa na abiria wanne na mizigo, polepole kama mtu anayetembea kwa miguu, nikasikia chini ya kiti changu mkwaruzo mrefu ambao hadi leo sijausahau. Nilipolipandisha gari kwa jeki, nikaliweka kwenye stendi na kujisogeza uvunguni na tochi, nilikuta mfuo umechorwa kwenye bamba la sanduku la betri, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, na kina chake kilitosha kunasa ukucha. Katika gari la petroli, mahali pale pangepita bomba la moshi, ambalo fundi hulichomea na safari ikaendelea. Hapa palikuwa na betri ya mamia ya kilo, kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote katika gari zima, na kati yake na lile tuta hapakuwa na kitu kingine ila bamba lile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sedani nyingi za umeme zina nafasi ya kati ya milimita 120 na 150 kutoka ardhini. Tesla Model 3, kwa mfano, ina takriban 140. Kwa kuwa betri inahitaji mahali pa kulazwa, ekseli ya mbele na ya nyuma huwekwa mbali, karibu mita 2.9, na tumbo lote katikati huwa bapa. Kwa vipimo hivyo, mgongo wa barabara unaokunjika kwa zaidi ya nyuzi 11 hivi utaligusa tumbo, hata dereva awe mwangalifu kiasi gani. Ongeza milimita 25, nawe umepata nyuzi 13. Nyuzi mbili zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kwenye tuta langu la kila siku ndizo zilizotenganisha mkwaruzo na ukimya. Tena hesabu hiyo ni ya gari tupu, kwa maana abiria na mizigo huzikandamiza springi na kula sehemu ya nafasi ambayo mwenye gari alidhani anayo.

Wanaosema kwamba kunyanyua ni kuharibu kazi ya wahandisi wakumbuke yaliyotokea mwaka 2013, pale magari mawili ya Tesla Model S nchini Marekani yalipogonga vyuma barabarani, betri zikatobolewa, magari yakashika moto. Mwezi Novemba mwaka huo huo kampuni ilituma programu mpya iliyoyafanya magari yale yenye sasupensheni ya hewa, yaani yanayobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, yakae juu zaidi yanapokwenda kasi, na Machi 2014 ikatangaza kinga za titani na alumini chini ya betri. Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya hizo kinga, ilikuwa kuliongezea gari kimo. Wala sedani iliyonyanyuliwa si kioja: Citroën DS ya mwaka 1955 ilimpa dereva wenzo wa kuinua gari lake atakapo, na mwaka 2015 Volvo ilitoa S60 Cross Country, sedani iliyopandishwa milimita 65 na kiwanda chenyewe.

Ninalolipinga kwa nguvu zangu zote ni kunyanyua ovyo. Nimeona watu wakiweka spesa, vile vipande vinavyotiwa kwenye springi ili kuinua gari, za milimita 50 kwa sababu tu zinapatikana, na hapo siwezi kuwatetea. Ekseli fupi zinazotoka kwenye mota kwenda magurudumuni zimekusudiwa kukaa karibu na mstari ulionyooka. Ukiupandisha mwili wa gari, zinalala mshazari, na jointi zake hufanya kazi katika pembe ambayo haikukusudiwa kuwa ya kila siku. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kuondoka, kwa hiyo kila unapokanyaga kutoka kwenye taa, mzigo wote huiangukia jointi iliyopinda. Mtetemo unaosikika wakati wa kuondoka ni dalili kwamba umepita mpaka. Mimi nilikomea milimita 24, na sikujuta.

Nasema 24, wala sisemi 20 zilizoandikwa kwenye spesa. Springi ya nyuma katika magari mengi ya namna hii hukaa juu ya mkono wa chini wa sasupensheni, ndani zaidi kuliko gurudumu lilipo, na mkono huo hufanya kazi kama wenzo, hivyo spesa ya milimita 20 huliinua gari kupita mtu alivyodhani. Njia ya kuaminika ni kuchukua futi na kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, kabla na baada ya kazi, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Kisha kuna bushi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo linaloua magari mengi yaliyonyanyuliwa na lawama ikaangukia spesa. Bushi za mpira kwenye mikono ya sasupensheni hushikwa na bolti, na mpira wake hutulia bila kujisokota katika kimo kile tu ambacho bolti ilikazwa. Fundi akizikaza huku magurudumu yananing'inia hewani, gari likishushwa mpira hujisokota, nao hubaki hivyo usiku na mchana mpaka uchanike. Nilimwomba fundi wangu azilegeze bolti zote, tukayapandisha magurudumu manne juu ya vipande vinene vya mbao ili gari libebe uzito wake lenyewe, tukalitikisa, ndipo azikaze. Aliona ninampotezea muda. Lakini alipolegeza bolti ya kwanza na kuuona mkono ukijizungusha wenyewe kutafuta mahali pake, alinitazama, akanyamaza, akaenda kuchukua spana yenye kipimo na kuzikaza moja baada ya nyingine.

Baada ya hapo magurudumu yapangwe upya, la sivyo tairi zitalika upande mmoja. Taa za mbele zishushwe ili zisiwaumize macho wanaokuja. Kamera na sensa zinazosaidia breki na usukani zirekebishwe, maana nazo zimepanda. Kubadilisha tairi pekee hakusaidii sana: kutoka kipimo cha 235/45 hadi 235/50, chenye ukuta mrefu zaidi, kwenye rimu ya inchi 18 hukupa kama milimita 12 tu, na spidomita huanza kusoma chini ya mwendo wako halisi.

Nakiri, ingawa si kwa furaha, kwamba masafa ambayo gari huenda kwa chaji moja hupungua. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na hewa inayopita chini ya gari lililopanda husababisha msukosuko zaidi, kwa hiyo katika barabara kuu betri huisha mapema kidogo. Mjini tofauti hiyo siioni. Nakiri pia kwamba waranti inaweza kukataliwa kwa sehemu zilizoguswa, na hilo linaniuma kuliko la masafa, kwa sababu anayeadhibiwa ni yule aliyejitahidi kuilinda betri.

Kwa hiyo dai langu nalielekeza kwa watengenezaji. Wauze springi ndefu zenye vipimo vyao wenyewe, au kama hilo ni zito kwao, waandike ukurasa mmoja katika kitabu cha gari: gari hili linaweza kuongezwa milimita kadhaa, pembe ya ekseli isizidi nyuzi kadhaa, bolti hizi zikazwe katika kimo hiki na kwa nguvu hii. Namba hizo wanazo. Mimi na fundi wangu tulizitafuta kwa futi, tochi na vipande vya mbao.