Han Xin walikuwa wawili

Juzi nilisoma andiko la Kiswahili lililodai kwamba Han Xin, jemadari aliyempigania Liu Bang mpaka akawa mtawala wa China yote, mwishowe alikimbilia kwa Waxiongnu, wale wapanda farasi wa nyika za kaskazini. Niliumia. Aliyekimbia ni wajina wake. Jemadari amebebeshwa kosa la mtu mwingine, miaka zaidi ya 2,200 baada ya kufa.

Walikuwa wa zama moja, na bwana wao mmoja. Jemadari alizaliwa Huaiyin, fukara wa kutupwa. Alipokuwa akivua samaki huku njaa imembana, mama mmoja aliyekuwa akifua mtoni alimwonea huruma, akamlisha siku nyingi. Kijana mmoja mchokozi alimtaka apite katikati ya miguu yake mbele ya watu. Akainama, akapita, watu wakamcheka. Huyo ndiye aliyekuja kuwapanga askari wake pale Jingxing wakiupa mto mgongo, wasiwe na pa kukimbilia, nao wakashinda. Wa pili alitoka ukoo wa wafalme wa dola ya kale ya Han. Mwaka 201 KK Waxiongnu walimzingira huko Mayi, Liu Bang akaanza kumshuku, naye akavuka upande wa adui. Wote wawili waliuawa mwaka 196 KK, jemadari ndani ya kasri la Changle kwa amri ya Malkia Lü, mke wa Liu Bang, na wa pili vitani.

Mwanahistoria Sima Qian aliiona hatari hii mapema. Habari zao ziko katika sura ya 92 na ya 93 za kitabu chake, zimefuatana kabisa, lakini jemadari anamtaja kwa cheo chake cha Huaiyin, na wa pili anamwita Mfalme Xin wa Han.

Sisi tukishaandika "Han" tunakwama tena, maana Liu Bang naye nasaba yake ni Han. Kwa Kichina hayo ni maneno mawili: Han ya dola ya kale sauti hupanda, ya Liu Bang hushuka, na kila moja ina herufi yake. Hali ni hiyohiyo kwa mfalme wa mwisho wa nasaba ya kale ya Shang, aliyeitwa Zhou, aliyepinduliwa na watu wa dola ya Zhou. Anayeijua lugha hachanganyi. Sisi tumeyavua majina hayo toni na herufi zake, kisha tunalalamika kwamba Wachina wote wanaitwa jina moja. Lawama hiyo siikubali. Mtaa gani wa kwetu umekosa Juma watatu? Kuna Juma Fundi, Juma Mrefu na Juma wa Mama Asha, na hakuna mtoto anayetumwa kwa mmoja akaenda kwa mwingine. Basi mhariri aandike "Han Xin wa Huaiyin". Ni maneno mawili tu yanayoongezeka.

Mimi mwenyewe nilikulia kwenye vibanda umiza, ambako kila steringi wa Kichina tulimwita Jet Li. Jet Li mwenyewe, mwigizaji wa filamu za kung fu, amecheza kama Wong Fei-hung, tabibu na mpiganaji wa Foshan aliyezaliwa 1847. Amecheza kama Huo Yuanjia wa Tianjin, aliyefariki Shanghai mwaka 1910. Amecheza pia kama Chen Zhen, mwanafunzi wa Huo, ambaye hakuwahi kuishi: alibuniwa kwa ajili ya filamu ya Bruce Lee ya mwaka 1972. Nilikuwa mtu mzima nilipolijua hilo, na nilihuzunika kama niliyefiwa. Wong Fei-hung naye, ukimkuta kwa matamshi ya Kimandarini, yaani Kichina rasmi, ni Huang Feihong. Mtu mmoja, wasomaji wakadhani wawili. Halafu kuna Huang Feihu, jemadari wa hekaya za kuanguka kwa Shang, asiyehusiana naye hata kidogo.

Yapo pia majina yanayofanana kwa mapenzi. Mshairi Sima Xiangru wa Chengdu alipewa na wazazi wake jina lenye maana ya mtoto wa mbwa. Aliposoma habari za Lin Xiangru, mjumbe wa dola ya Zhao aliyelirudisha jiwe la thamani salama kutoka kwa mfalme wa dola ya Qin, alimpenda mno hata akalichukua jina lake. Hakuwahi kumwona, kwani Lin aliishi vizazi kadhaa kabla yake. Alijichagulia somo.