Kilo Zangu 80 Zilivyogeuka 144 Juu ya Kifua cha Rafiki

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuisambaza kila mahali habari hii ya safari yetu ndani ya ndege ya kuelea bila uzito, tena kwa chumvi nyingi, ni haki yangu nami nisikilizwe kabla hamjapitisha hukumu. Anadai kwamba nilimtapikia kwa makusudi na kwamba nilimwita mama. La kwanza ni uzushi mtupu. La pili nitalieleza likifika mahali pake.

Safari ya anga za juu si ya watu wa mifuko kama yetu. Dennis Tito, mtalii wa kwanza kujilipia nauli hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2001, inasemekana alitoa dola milioni 20 kwa safari isiyotimia siku 8. Sisi wengine tumebakiziwa ndege ya kuelea, yaani ndege iliyong'olewa viti karibu vyote na kutandikwa magodoro, ambayo hupanda ikiwa imeinua pua kwa nyuzi 45 hivi, kisha rubani hupunguza nguvu ya injini mpaka ndege na vyote vilivyomo vikawa vinaanguka kwa pamoja. Hapo mtu huelea kwa sekunde 20 na ushei, halafu ndege huinuliwa tena na kila kiungo chake huwa kizito karibu mara mbili. Ndege za NASA zilizotumika kuwafunza wanaanga kwa njia hiyo zilibandikwa jina la utani linalotaja matapishi waziwazi. Jina hilo nililijua, ila niliamini kwamba liliwahusu watu wengine.

Masharti yote niliyatimiza: dawa ya kichefuchefu nilimeza, chakula nilikula kidogo, na ule mfuko wa dharura niliuchomeka kifuani mwa ovaroli. Tulianzishiwa uzito wa Mirihi, ambao ni kama theluthi ya uzito wetu, kisha wa Mwezini, ambao ni sehemu moja ya sita, nami nikapiga pushapu kwa mkono mmoja huku nikimcheka rafiki yangu aliyekuwa amekunja uso.

Kisha uzito ukaisha kabisa. Nilijisukuma kwa ustaarabu, nikapanda hadi katikati ya ndege, na hapo nikakwama. Dari ilikuwa mbali, sakafu ilikuwa mbali, na ukuta wa karibu haukufikika kwa mkono wala kwa mguu. Wakati huohuo tumbo likaanza kusema lake, kwa sababu ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vinavyouarifu ubongo upande upi ni chini, na vya kwangu vilikuwa vimeacha kazi bila taarifa, ilhali macho yaliendelea kuapa kwamba hakuna kilichobadilika. (Nyie mliokwisha kuanza kucheka, subirini.)

Nikapeleka mkono kifuani. Vidole vikaugusa mfuko, mfuko ukachomoka, ukaenda zake polepole, ukijipindua kwa madaha, mpaka ukatulia mbele ya uso wangu. Nikanyoosha mkono, nikaukosa kwa upana wa vidole vitatu. Nikaanza kuogelea. Hewa, ndugu zangu, si maji: haikupi kitu cha maana cha kusukuma, na kila nilipotupa mikono mbele, kiwiliwili kilirudi nyuma, nikabaki palepale nikitapatapa kama kobe aliyepinduliwa, huku kamera ya ukutani ikinirekodi kwa uaminifu. Mama nilimwita hapo, lakini kwa sauti ya chini, na ilikuwa baada ya kumwita Mungu na mkufunzi bila mafanikio.

"Miguu chini!" mkufunzi akapaza sauti. Miguu yangu ilikuwa inaelekea darini. Rafiki yangu, mtu mtiifu, alikuwa amekwisha kulala chali kama tulivyofundishwa, akikazia macho sehemu moja tu ya dari, na sehemu hiyo ilikuwa mimi. Nikamshukia taratibu, kifua kwa kifua, na uzito ukaanza kurudi: kwanza wa kawaida, kisha ule wa ziada, hata kilo zangu 80 zikawa 144. Yeye hakuweza kunisukuma wala mimi kujiinua. Mfuko ulikuwa umeanguka kando ya sikio lake. Tukatazamana.

"Usithubutu," akasema.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikamjibu, na hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyotoka kinywani mwangu yakiwa peke yake.

Yaliyobaki hayana urefu. Taulo zililetwa, nikafungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, na wenzangu wakaendelea kudaka matone ya maji hewani. Tulipotua nilijitetea kwamba Gherman Titov, binadamu wa pili kuizunguka Dunia, alitapika huko huko angani mwaka 1961, na kwamba Seneta Jake Garn wa Marekani aliugua sana ndani ya chombo cha Discovery mwaka 1985 hata wanaanga wakalifanya jina lake kipimo cha utani cha kichefuchefu. Rafiki yangu alisikiliza yote, kisha akauliza chini ya Titov alikuwa amelala nani.

Cheti nimepewa. Kimeandikwa kwamba nimekamilisha safari nzima kwa mafanikio, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha.