Tanga: kupanua barabara au kulinda baiskeli?

Foleni ya Tanga bado ni ndogo ukiilinganisha na ya Dar es Salaam, na ndiyo maana mjadala huu unafaa sasa, kabla lami haijamwagwa.

Wanaotaka barabara zipanuliwe wana hoja nzito. Malori ya bandarini yanahitaji nafasi, bodaboda na bajaji ni nyingi, na mgonjwa anayetoka Pongwe hawezi kupakiwa kwenye keria ya baiskeli. Hao siwezi kuwaambia wasubiri.

Lakini barabara haifanyi kazi peke yake. Ikipanuliwa, safari inakuwa nyepesi. Safari ikiwa nyepesi, aliyekuwa akipanda daladala ananunua gari, na mwingine anajenga mbali zaidi kwa kuwa mjini panafikika. Baada ya muda nafasi ile imejaa. Huko Houston, Marekani, barabara kuu ya Katy ilipanuliwa hadi njia 26 hivi sehemu zake pana zaidi, ukihesabu na barabara za pembeni. Kazi ilikamilika 2008, na miaka michache baadaye muda wa safari za jioni ulikuwa unapanda tena. Mapema zaidi, mwaka 1968, mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwamba kuongeza barabara moja kunaweza kuwachelewesha madereva wote, kila mmoja akiikimbilia kwa faida yake.

Tanga ina kinga ambayo miji mingi haina: ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, na watu wake wamezoea baiskeli. Magari yakiongeza kasi, mwenye baiskeli anaogopa na kuhamia bodaboda. Bodaboda zinajaa, na kelele za kutaka barabara pana zaidi zinaanza upya. Mzunguko huu ndio unaonitia wasiwasi kuliko foleni yenyewe.

Stendi ya Kange inatufundisha jambo hilohilo. Kuyaweka mabasi ya mikoani nje ya katikati ya jiji ni nafuu ya kweli. Ila abiria wa basi moja wakishuka na mizigo yao, wengi huingia mjini kwa bajaji kadhaa, labda daladala ziwe zinawasubiri palepale.

Kwa hiyo naunga mkono upanuzi wa njia za malori kwenda bandarini. Mitaa ya ndani nataka isipanuliwe mpaka jiji lihesabu baiskeli na watembea kwa miguu pamoja na magari, na njia zao zichorwe kwenye ramani ileile ya mradi.